Nimepika sosi ya kuku sekela mara tano, bado si ile. Nakosea wapi?

*Swali: Shikamoo mpishi. Nimekulia Dar es Salaam, na Jumamosi usiku baba alikuwa akitupeleka kula kuku sekela kwenye mkahawa mmoja wa kona maeneo ya Kisutu. Kuku analetwa amekatwakatwa, ameloa sosi ya ukwaju yenye wekundu wa tofali. Ina chumvi, ina uchachu, ina moshi, unalamba hadi kiganja. Sasa tumehamia Dodoma kikazi na baba tunaishi naye. Nimeijaribu sosi ile mara tano. Ikizidi uchachu naongeza sukari, inakuwa juisi ya ukwaju. Nikiitilia kornflawa inakuwa uji. Rangi imefifia, na ina ladha fulani kama sarafu mdomoni. Baba akionja husema "imekaribia", basi. Nilipokwenda Dar nikamuuliza mchomaji, akacheka tu. Ni kiungo gani wanaweka ambacho mimi sikijui?*

Marahaba dada yangu. Nimesimama kwenye majiko ya mkaa katikati ya jiji la Dar miaka 14, na kwa hilo la kiungo nakujibu moja kwa moja: hakuna kilichofichwa. Kila kitu kilichomo kwenye sosi ile unacho jikoni kwako au utakipata kwa muuza viungo sokoni. Yule mchomaji hakuwa anakunyima siri. Sosi anayoijua yeye haijaandikwa popote, na sehemu yake kubwa huikuta kila usiku kwenye sinia anapolazia kuku waliotoka motoni.

Tuanze na jina. Kwa Kigujarati, shekelu ni kitu kilichobanikwa. Chakula hiki kimetoka mikononi mwa Wahindi wa pwani yetu, na jina linataja moto, ukwaju haumo. Wewe umepika sosi mara tano ukiwa umeisimamia sufuria peke yake, ukionja kwa kijiko, ukiitaka sufuria ikupe kile ulichokikumbuka. Lakini ulichokila Kisutu ukiwa mtoto hakikuwa sosi peke yake. Ni sosi iliyokwisha kukutana na mafuta ya kuku, chumvi ya kuku na masizi mepesi ya mkaa. Ukichota kijiko cha sosi ya mkahawa ule kabla haijagusa kuku, utaikuta kali, chachu kupita kiasi, na utasema wameiharibu.

Sasa tuingie kwenye makosa, kwa sababu umeyaeleza vizuri hata naweza kuyaona.

Ile ladha ya sarafu ni sufuria. Nina hakika unapikia sufuria ya alumini, kama tunavyopikia wengi. Ukwaju una asidi kali ya tartari, na asidi hiyo inakula alumini. Angalia sufuria yako baada ya kuiosha: pale ukwaju ulipochemkia pamekuwa peupe panang'aa, na juu ya mstari ule pamebaki na weusi wake wa kawaida. Hapo peupe ndipo ngozi ya sufuria ilipobanduka ikaingia kwenye sosi. Tumia sufuria ya stenlesi, au ya enameli isiyobanduka. Hili peke yake litakuondolea theluthi ya tatizo, na rangi nayo itapona kidogo.

Uchachu na sukari ni jambo la pili. Siki ukiichemsha, sehemu ya ukali wake inaruka na mvuke. Ukwaju hauruki. Kadiri unavyouchemsha maji yanapungua na uchachu unabaki palepale, kwa hiyo sosi inazidi kuwa chachu dakika hadi dakika, nawe unazidi kumimina sukari. Sukari haiuondoi uchachu, inausindikiza tu, na vikiwa vingi vyote viwili ndiyo hiyo juisi unayoisema. Kinachoutuliza uchachu wa ukwaju kwenye kuku ni chumvi na mafuta. Ukihisi sosi imekuwa chachu, mkono wako uende kwanza kwenye chumvi, punje chache, uonje tena. Utashangaa.

Rangi. Pilipili nyekundu inatoa rangi yake na ukali wake ndani ya mafuta, kwenye maji haitoi sana. Ukiinyunyiza pilipili ya unga juu ya ukwaju unaochemka, inaelea kama vumbi na sosi inabaki kahawia ya chai iliyopoa. Inatakiwa ipite kwenye mafuta ya moto kwanza, sekunde chache tu.

Kuhusu uzito, kornflawa kaachane nayo. Ila kwa kuwa unakwenda Dar mara kwa mara, nikufundishe namna ya kuichunguza sosi yao wewe mwenyewe, maana mikahawa haifanani na mimi siwezi kuapa kuhusu jiko ambalo sikusimama. Ukienda, agiza sosi ya ziada, ile ambayo haijamiminwa juu ya kuku, na nyingine uchote kutoka kwenye sahani. Zitie kwenye bilauri mbili za kioo, ziweke kwenye friji usiku kucha, asubuhi uzitazame kwenye mwanga. Juu kutakuwa na tabaka la mafuta. Likiganda likavunjika kwa kijiko, ni majarini au samli. Likibaki maji, ni mafuta ya alizeti au mengine ya kupikia. Likiwa laini kama mafuta ya kujipaka, yenye unjano na harufu ya nyama, hayo ni ya kuku. Chini utakuta viungo vimetuama: ukiona chembe nyeusi ndogo ni moshi na ngozi iliyoungua, si uchafu. Katikati ndiyo sosi yenyewe. Ikiwa imeshikana kama jeli, chukua kijiko kimoja ukipashe moto kidogo sana, vuguvugu la mkono. Ikiyeyuka mara moja, jeli hiyo ni ya mifupa na ngozi ya kuku. Isipoyeyuka, huenda wameweka unga wa kuitia uzito, na ukitaka uhakika dondoshea tone la aidini ya duka la dawa: unga wa mahindi au viazi utageuka bluu inayokaribia weusi. Hicho kijiko chenye aidini kitupe, usikionje.

Nimewafanyisha vijana wengi zoezi hili, na bilauri mbili zile, ya sosi tupu na ya sosi iliyogusa kuku, huwa zinasema zaidi ya maelezo yangu yote. Ya pili ina tabaka nene la mafuta yenye wekundu na jeli yake inatikisika. Hapo ndipo ladha unayoitafuta imekaa.

Basi tupike. Nitakupa vipimo vya kuku mmoja wa kisasa wa kilo 1 na robo hivi, kwa sababu ndiye wanayemtumia mjini. Wa kienyeji ana ladha kubwa kuliko huyo, lakini nyama yake inataka utaratibu mwingine, na ukianza naye utajilaumu bure.

Mpasue mgongoni kwa mkasi au kisu kizito, mfungue kama kitabu, mbonyeze kifuani mpaka mfupa ulie na alale bapa. Mchanje mapaja mpaka karibu na mfupa, mikato miwili mitatu. Mpake chumvi gramu 15, yaani vijiko 2 na nusu vya chai visivyojaa, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa kijiko kikubwa kimoja kimoja, mtindi vijiko vikubwa 3, maji ya ndimu moja, pilipili ya Kashmiri vijiko 2 vya chai, binzari nyembamba na giligilani kijiko kimoja kimoja cha chai, na mafuta kidogo. Pilipili ya Kashmiri ni nyekundu sana na ukali wake ni mdogo, ndiyo inayotoa ule wekundu wa tofali. Maduka ya viungo ya Wahindi huwa nayo. Mlaze kwenye friji saa 6, au usiku mzima. Usimtie sukari wala ukwaju wakati huu. Papai bichi wengine hulipenda kwa kulainisha, lakini kwa kuku wa kisasa halina kazi, linamgeuza kuwa uji chini ya ngozi.

Wakati kuku amelala, loweka ukwaju. Hapo Dodoma umebahatika, ukwaju wa kwenu ni mwingi na mzuri. Chagua mpya, wenye wekundu wa kahawia na nyama inayonata. Ule uliokaa ghalani mpaka ukawa mweusi utakupa sosi nyeusi hata ufanye nini. Gramu 150 zilizomenywa maganda lakini zina mbegu, mimina maji ya moto mililita 350, acha nusu saa. Kisha ufikiche kwa mkono. Usitumie blenda: ikivunja mbegu na nyuzi, unaleta ukakasi. Kamua, chuja kwenye chujio la matundu makubwa, ukisukuma kwa mgongo wa upawa, na ule uzito ulioning'inia chini ya chujio ukwangue uutie ndani. Huo ndio unaotia sosi uzito. Watu wengi wanauosha na chujio, halafu wanakwenda kutafuta kornflawa.

Bandika sufuria ya stenlesi, mafuta vijiko vikubwa 3. Tia kitunguu saumu na tangawizi, moto mdogo, mpaka harufu ya ubichi iondoke lakini visigeuke kahawia. Tia nyanya ya kopo kijiko kikubwa kimoja na uikaange kwa uvumilivu, dakika 3 au 4, ukikoroga, mpaka iache wekundu wa kopo iende kwenye rangi ya kutu na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Usiikimbize hatua hii, kwa sababu nyanya iliyokaangwa hivyo ndiyo inayoleta ule utamu wa nyama unaokufanya ulambe kiganja. Epua. Ukiwa umeepua, tia pilipili ya Kashmiri vijiko 2 vya chai na binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, nusu kijiko cha chai. Hesabu mpaka 20 ukikoroga. Mafuta yatakuwa mekundu mbele ya macho yako. Mimina ukwaju hapohapo kabla pilipili haijaungua, rudisha motoni, tia sukari guru gramu 30 na chumvi kijiko kimoja cha chai. Kama mnapenda kali, dumbukiza pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, uitoe mwishoni. Iache ichemke taratibu dakika 12 hadi 15. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia yake ionekane kisha ijifunge polepole. Zima. Ionje ukitaka, lakini usiihukumu wala usiirekebishe. Itakuwa kali na chachu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa sasa.

Mkaa uwashe mapema, bila mafuta ya taa, maana harufu yake inaingia kwenye ngozi na haitoki. Subiri mpaka makaa yote yavae majivu ya kijivu. Weka kiganja juu ya wavu, shibiri moja hivi, uhesabu taratibu: ukifika 5 au 6 ndipo ushindwe kuvumilia, moto uko sawa. Ukishindwa kwenye 2, tandaza makaa. Kuku aanze upande wa mifupa, akae huko muda mrefu, dakika 20 na zaidi, ndipo ageuzwe upande wa ngozi. Mafuta yakidondokea makaa moshi utapanda, na moshi huo ndio unaoutaka. Ila miali ikiwaka msogeze kuku pembeni. Kwa jumla atachukua dakika 40 hivi. Ukiwa na kipimajoto, ndani ya paja isome nyuzi 74 au zaidi. Usipokuwa nacho, choma pale paja linapoungana na mwili, maji yatoke meupe bila damu.

Sosi usimpakae mapema. Nilipoanza kazi hii, kwenye jiko la kwanza nililoajiriwa, nilikuwa nikimpaka kuku sosi tangu anapowekwa kwenye wavu, nikidhani ladha itaingia zaidi. Sukari ikaungua ndani ya dakika chache, kuku akawa mweusi nje na mfupani bado mwekundu, na sahani ikarudishwa kutoka mezani. Mzee niliyekuwa chini yake aliichukua brashi mkononi mwangu bila kusema neno, akaniwekea sinia tupu. Nilielewa baadaye kwa nini sinia.

Kuku akiiva, mtoe motoni umlaze kwenye sinia lenye kina, uinue upande mmoja kwa kuwekea kijiko chini ili maji yakusanyike upande wa pili. Mfunike kwa sahani bila kumbana, mwache dakika 10. Ukifunua utakuta kwenye kona vijiko 4 au 5 vya maji ya rangi ya kahawia yenye matone ya mafuta mekundu. Ona yanavyong'aa, chovya kidole uonje: chumvi, viungo, moshi, nyama, vyote vimo. Hicho ndicho kiungo ulichokuwa ukikiuliza. Nina hakika kwamba mara tano zote ulikiosha na vyombo.

Rudisha sosi motoni, yamimine maji hayo yote, na sinia ulisuuze kwa kijiko cha maji ya moto uyatie nayo. Acha ichemke dakika 2 au 3. Kata kuku vipande kwa kisu kizito, mifupa na yote, umwage kwenye sufuria au karai pana, mimina sosi, umgeuze juu ya moto dakika moja, ili sosi ishike ngozi iliyokauka. Epua, tia majarini ya baridi gramu 30 iliyokatwa vipande, Blue Band ya kawaida inatosha, uzungushe karai mpaka iyeyuke. Usiichemshe tena baada ya hapo, itajitenga. Mng'aro uliouona mezani Kisutu unatokana na hii hatua ya sekunde 30. Kamulia nusu ndimu mwishoni kabisa. Uchachu unao tayari kutoka kwa ukwaju. Ndimu unaitaka kwa harufu yake, ambayo ingechemshwa ingepotea.

Sasa ndipo uonje, na uonje kipande cha kuku chenye ngozi na sosi, sio kijiko. Kikiwa kikali cha uchachu, chumvi kidogo. Kikiwa kizito mdomoni, ndimu. Sukari guru iwe ya mwisho kuiongeza. Kidonge cha mchuzi yapo majiko yanayokitia, sitakuficha, hasa yanayopika sosi pipa zima mchana kabla kuku hawajaiva. Wewe mwenye kuku mmoja na sinia lake hukihitaji, na ukikitia kwa mazoea basi punguza chumvi ya sosi kwa nusu.

Kama unapika ndani kwa oveni ya gesi, maji ya kuku utayapata yote, tena mengi zaidi, lakini moshi hutaupata. Mfukize. Anayejua kufukiza nguo kwa udi anaijua kazi hii tayari. Chukua kaa moja la mkaa wa miti, ukubwa wa yai, liwake mpaka ndani. Liweke kwenye kibakuli cha chuma katikati ya karai lenye kuku, dondoshea nusu kijiko cha samli, funika haraka. Dakika 3 zinatosha. Ukifikisha 5 moshi unageuka uchungu, na hakuna kinachoweza kuurekebisha. Fungua madirisha, na kaa ukimaliza litoe nje.

Yale masalia ya viungo kwenye bakuli alimolala kuku mbichi yamwage, yasiingie kwenye sosi. Sosi ya ukwaju ile ya kwanza, kabla haijaonana na kuku, inakaa kwenye chupa safi ndani ya friji wiki nzima bila tatizo, kwa hiyo unaweza kupika ya kuku wawili ukaweka nusu. Ikishachanganywa na maji ya sinia, iliwe siku hiyo au kesho yake.

Na baba usimuulize tena kama imefika, maana kwa upendo atakwambia imekaribia. Mpe kipande cha paja umuulize maswali mawili: nini kimezidi, na nini kimepungua? Yeye ndiye aliyekuwa akiagiza, akiwa na umri wa kukumbuka ladha vizuri kuliko wewe uliyekuwa mtoto. Atakachotaja cha kwanza kiandike, ukibadilishe hicho kimoja tu Jumamosi inayofuata.